Siga ya Nikaragua: Mtaji Unaolala Ghalani

Siga bora ya Nikaragua husokotwa kwa mkono, hasa mjini Estelí. Jani la sehemu ya juu ya mmea, kali na zito kuungua, huwekwa katikati. Mepesi hulizunguka, na jani laini la nje hufungia yote. Msokotaji akikaza mno, moshi haupiti. Lakini ladha ya pilipili na kahawa huanzia ghalani: tumbaku hurundikwa ichachuke kwa joto lake yenyewe kwa miezi, kisha huhifadhiwa, mara nyingi kwa miaka. Bei imo humo, si katika ukanda wa dhahabu. Soko la Marekani lilipopamba moto katikati ya miaka ya 1990, wageni wa biashara hii walisokota majani yasiyoiva. Kufikia 1998 maghala yalifurika, na shehena nyingi ziliuzwa kwa bei ya kutupa.