Kuoga na Kujitunza kwa Mama Aliyezaa kwa Kupasuliwa

Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona tu, yaani jinsi mama aliyezaa kwa kupasuliwa atakavyouosha mwili wake na kuutunza mpaka apone. Huenda wengine watauliza, "Haya ni mambo ya wanawake, mchungaji ayaingilia kwa nini?" Twajibu kwamba tuendapo kuwatazama wazazi nyumbani, mara nyingi twakuta mambo mawili. Katika nyumba moja mama hajagusa maji tangu siku aliyotoka hospitali, maana ahofu kidonda kitafumuka. Katika nyumba ya pili amekandwa tumbo kwa maji ya moto mpaka ngozi imekuwa nyekundu, kwa kuwa ndivyo walivyofanyiwa bibi zake. Yote mawili yaleta madhara, na yote mawili hutoka katika upendo. Tena waume wasiliweke gazeti chini, kwani habari zao zimo pia, nazo tutazifikia.

Kwanza na tujue ya kuwa kupasuliwa si jambo geni katika nchi hizi zetu kama watu wadhanivyo. Mwaka wa 1879 msafiri Mwingereza aliyesomea uganga, Robert Felkin, alipita katika nchi ya Bunyoro, ambayo leo ni sehemu ya Uganda. Mahali paitwapo Kahura alimwona fundi mwenyeji akimpasua mwanamke aliyeshindwa kuzaa. Kabla ya kutumia kisu, fundi yule aliosha mikono yake na tumbo la mwanamke kwa pombe ya ndizi, kisha kwa maji. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Kidonda kikafungwa kwa misumari 7 ya chuma iliyosuguliwa vema na kuzungushiwa uzi wa magome, kikapakwa dawa ya mizizi na kufunikwa kwa jani la mgomba. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Felkin aliiandika habari hiyo mwaka wa 1884, na madaktari wa kwao walistaajabu.

Nasi twaangalia neno moja katika habari hiyo: kuosha kulitangulia kisu. Huko Vienna, mwaka wa 1847, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru wenzake kuosha mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi, na vifo vya akina mama katika wodi yake vikapungua sana. Walakini wengi walimdharau. Basi usafi wa mama aliyepasuliwa si pambo. Ni nusu ya tiba.

Siku hizi wanaozaliwa kwa njia hii ni wengi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka wa 2021 kwamba zaidi ya mtoto 1 katika kila 5 duniani huzaliwa kwa kupasuliwa mama yake. Kwa hiyo mtu asimwambie mama wa namna hii kwamba "hakuzaa." Tumelisikia neno hilo hata kwa watu wa usharika, nalo ni neno baya. Mama huyu amekatwa ngozi, na mafuta yaliyo chini yake, na utando mgumu unaoshika misuli ya tumbo, na mfuko wa uzazi wenyewe. Alama ya nje ni ndogo, kama sentimita 10 mpaka 15. Jeraha la ndani hatulioni, na hilo ndilo lichukualo majuma mengi kupona.

Siku ya kwanza mama haogi. Ikiwa alichomwa sindano ya ganzi mgongoni, miguu yake itakuwa mizito kwa saa kadhaa, na mara nyingi amewekewa mpira wa mkojo. Muuguzi au ndugu amfute kitandani kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya vuguvugu: uso, makwapa, mikono, na mwisho sehemu za siri, kutoka mbele kwenda nyuma, kwa kitambaa kingine. Akiruhusiwa kusimama, asijivute kwa tumbo. Ageuke ubavu, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono, akae kitako kidogo mpaka kizunguzungu kiishe, ndipo asimame akishikwa. Tena na atembee hatua chache mapema kama aambiwavyo, ingawa yauma, maana damu ya mtu alalaye tu huweza kuganda miguuni, na donge hilo likisafiri mpaka mapafuni laweza kuua.

Bandeji ya kwanza huondolewa na wauguzi, mahali pengi baada ya saa 24 hadi 48, pengine baadaye kwa amri ya daktari. Mama asiifungue mwenyewe ili atazame. Ikiisha kuondolewa, naye akapewa ruhusa, anaweza kuoga kila siku. Wala maji safi yapitayo juu ya mshono hayaufumui. Hofu hiyo na iondoke. Kidonda kisichooshwa hukusanya jasho na uchafu, na hapo ndipo usaha huanzia.

Bafu nyingi zetu ziko nje ya nyumba, sakafu yake huteleza, na mama bado ni dhaifu. Basi awekewe kigoda imara, mtu wa kwao asimame karibu, na mlango usifungwe kwa komeo. Maji yawe safi. Kama ni ya mtoni au ya kisima kisichofunikwa, yachemshwe kwanza, kisha yaachwe yapoe. Ayapime kwa kiwiko. Ajimwagie kwa kopo toka mabegani, povu la sabuni na maji vitiririke juu ya kidonda. Asikisugue kwa dodoki wala kwa kitambaa, wala asichokoe magamba madogo yanayofanyika juu yake. Asioge kwa kuzama mtoni, ziwani au katika karai kubwa, mpaka kidonda kimefunga kabisa na damu ya uzazi imekoma.

Akimaliza, kidonda kikaushwe kwa kugusagusa kwa taulo safi au kipande cha kanga kilichofuliwa na kuanikwa vema, kipande cha kidonda peke yake. Kwa mama mwenye tumbo lililoshuka, ngozi hukunjika juu ya mshono na pale chini hubaki unyevu. Hapo sharti alale chali kidogo, ainue lile kunjo kwa mkono, aache hewa ipite mpaka pakauke. Wengi waliopata usaha walikuwa wameoga vema, lakini walivaa nguo kabla ya kukauka. Juu ya kidonda asipake kitu ambacho hakuagizwa na hospitali: si majivu, si mafuta, si poda, si samli, si majani yaliyotafunwa. Wala asinyoe nywele za karibu na kidonda mpaka kipone.

Sasa twafika kwenye neno gumu, nalo ni kukandwa kwa maji ya moto. Bibi zetu husema tumbo lisipokandwa damu chafu hubaki ndani. Twawaheshimu, maana wametulea. Lakini tufikiri pamoja. Mfuko wa uzazi hujikunja wenyewe baada ya kuzaa, na kila mtoto anyonyapo hujikunja zaidi, hata mama husikia maumivu kama ya uchungu mdogo. Damu nayo hutoka yenyewe kwa njia yake, majuma 4 hadi 6, hata kwa mama aliyepasuliwa. Maana haitoki katika mshono wa tumbo, yatoka mahali kondo la nyuma lilipokuwa limeshikamana. Mkono wa mtu haukamui kitu hapo, ila waivuta nyuzi ambayo yashika jeraha changa.

Na liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kisu kimekata mishipa midogo ya fahamu, na kwa hiyo ngozi iliyo karibu na mshono huwa na ganzi kwa miezi mingi. Mama akimwagiwa maji ya moto mahali pengine atapiga kelele, bali pale hatasikia mpaka ngozi imeungua. Tulimjua mama mmoja aliyekandwa siku ya sita baada ya kurudi nyumbani. Alisema, "Nalisikia joto zuri tu." Kesho yake yalitokea malengelenge, siku ya tatu mshono uliachana, naye akarudi hospitali kwa majuma mawili, akimwacha mtoto wake mkubwa kwa jirani. Alipona, lakini aliteseka bure.

Basi binti amwambieje mama mkwe aliyekuja toka mbali na birika lake la maji ya moto? Asimfukuze wala asimfiche. Na aseme, "Shikamoo, mama. Nashukuru kwa kunijali. Daktari amekataza tumbo lisiguswe. Naomba unikande mgongo na mabega, maana yaniuma kwa kunyonyesha." Kwa hivyo mzee hupata kazi ya mikono yake, na kidonda hupata amani. Kadhalika na mkaja: kufunga tumbo kwa kitambaa kikavu, bila kukaza, humsaidia mama atembeapo na akohoapo, bali mkaja uliokazwa mpaka pumzi ikawa fupi, wenye jasho la jana, ni adui wa kidonda. Ufunguliwe usiku na kufuliwa kila siku. Kufukizwa juu ya makaa na mvuke kuachwe kabisa.

Nguo za ndani ziwe za pamba, pana, zenye ukingo unaopita juu ya mshono, si juu yake hasa. Pedi au vitambaa vya damu vibadilishwe kila baada ya saa chache, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada. Hapa twalo neno kwa akina mama. Mwavifua vitambaa hivi vizuri, kisha kwa haya mwavianika chini ya godoro au nyuma ya kabati, navyo havikauki. Vianikeni juani. Kama macho ya watu yawatia haya, tandazeni kanga nyepesi juu yake, jua litapita. Tena msijioshe ndani ya uke kwa dawa, ndimu wala sabuni, wala msiingize kitu humo; sehemu ya ndani hujisafisha yenyewe.

Matiti yaoshwe kwa maji tu, kwa sababu sabuni hukausha chuchu na kuzipasua. Meno yapigwe mswaki, kucha zikatwe, nywele zichanwe. Mama ajionapo nadhifu moyo wake huinuka, nalo si jambo dogo kwa mtu asiyelala usiku.

Enyi waume, sasa ni zamu yenu. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20. Mtoto mchanga ana kilo kama 3. Hospitali humwambia mama asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake kwa majuma kama 6. Nanyi mwamtaka mke wenu aoge kila siku, afue vitambaa, aoshe nepi, na maji yote hayo achote nani? Sisi tumemwona mwanamume akikaa barazani na wageni waliokuja kumpongeza, huku mkewe wa siku ya tisa akipanda kutoka bombani na ndoo kichwani. Wageni hawakusema neno, nasi twaliona hilo kuwa aibu yao pia. Mume akichota maji kabla ya kwenda kazini, akawasha moto, akayaweka bafuni, hakupungukiwa na heshima. Na vijana wa usharika wanaotafuta kazi ya huduma, kazi hii iko katika kila mtaa.

Mwisho wa somo hili ni dalili ambazo haifai kuzingojea. Mama akipata homa au kutetemeka. Kidonda kikiwa chekundu na moto kuliko jana, kikivimba, kikitoa usaha au harufu mbaya, au kikifunguka hata kidogo. Damu ikiloweka pedi nzima kwa muda wa saa moja au chini, au ikitoka yenye harufu ya uvundo. Mkojo ukizuiwa au ukiuma. Mguu mmoja ukivimba na kuuma. Kifua kikiuma au pumzi ikipotea. Kichwa kikiuma sana na macho yakiona ukungu: apelekwe siku ile ile. Usafiri utafutwe hata usiku, wala isingojewe siku ya soko. Dawa za kuua vijidudu alizopewa azimalize zote, hata ajapojisikia mzima, na siku aliyoambiwa kurudi kuondolewa nyuzi arudi, maana nyuzi nyingine huyeyuka na nyingine haziyeyuki, na kwa macho si rahisi kuzitofautisha. Tena akipata mimba nyingine baadaye, aseme mapema kliniki kwamba alikwisha kupasuliwa, na uchungu usimkute mbali na hospitali, kwa kuwa kovu lililo katika mfuko wa uzazi laweza kuachana wakati wa kuzaa.