Usiiamini Testa Peke Yake: Namna ya Kupima Stima Katika Nyumba ya Mabati

Katika ploti za Gatwekera na Laini Saba kule Kibera, au Gatina kule Kawangware, jijini Nairobi, ukuta ni mabati, paa ni mabati, na waya wa stima hupita juu ya hayo yote kabla ya kufika kwenye taa. Ganda la waya likichubuka mahali pamoja tu, chumba kizima kinaweza kushika stima. Mvua ikinyesha, anayeanika nguo kwenye kamba ya waya iliyofungwa kwenye mabati ndiye anayerushwa.

Kwa hiyo kupima huku si kutafuta tu kwa nini taa haiwaki. Ni kujua kama pasipopaswa kuwa na stima pana stima. Vifaa vya kazi hiyo vimejaa Luthuli Avenue na mafundi wengi wanavyo. Tatizo ni kwamba kifaa kibovu, au kizima kilichotumiwa vibaya, husema "hakuna stima" kwa utulivu uleule wa kifaa kinachosema kweli. Mbinu zifuatazo ni za kukinasa kifaa cha namna hiyo kabla hujashika waya.

Jua kila kifaa kinajibu swali gani

Testa, ile bisibisi yenye taa ndogo kwenye mpini, huwaka kwa sababu mkondo mdogo sana unapita kwenye kidole chako hadi ardhini. Mwili wako ni sehemu ya kipimo. Ukisimama juu ya kitanda cha mbao au ukiwa umevaa gamboti kavu, taa hufifia au isiwake kabisa, na waya bado una volti 240. Kwenye jua kali huioni hata ikiwaka. Testa ikikuonya kwamba stima ipo, iamini. Isipowaka, usiamini lolote bado.

Multimita ndiyo ya kutegemea, lakini si kila multimita. Kabla ya kulipa tafuta maandishi ya CAT. CAT II ni ya soketi na vyombo vinavyochomekwa humo. CAT III ni ya sanduku la breka na nyaya za nyumba. Waya unaotoka kwenye nguzo na mita ya Kenya Power ni eneo la CAT IV, na hapo mpangaji hana kazi. Mita isiyo na maandishi hayo ibaki kupima betri na redio.

Pima kipimo kwanza

Kanuni ni moja na haina mkato: pima palipo na stima kwa hakika, pima unapotaka kufanya kazi, kisha rudi upime pale pa kwanza. Mita ikishindwa kusoma mara ya mwisho, jibu la katikati halina thamani. Kabla ya hapo hakikisha mambo matatu:

1. Swichi ya kuzungusha iko kwenye V yenye alama ya wimbi (~), kwenye kiwango kinachozidi 240, kama 600 au 750. Ukiiacha kwenye V ya betri, soketi yenye stima kamili itasoma karibu na sifuri.
2. Waya mweusi uko kwenye tundu la COM na mwekundu kwenye tundu lenye alama ya V. Ukibaki kwenye tundu la 10A ukagusa soketi, umeunganisha laivu na nyutro moja kwa moja. Kwenye mita nyingi za bei rahisi tundu hilo halina fyuzi, na mita inaweza kulipukia mkononi.
3. Ganda la nyaya za mita halina ufa, hasa pale waya unapoingia kwenye mpini.

Tokeni kuisha si sawa na kuzima. Mtu anaweza kuingiza tarakimu 20 kwenye kibodi wewe ukiwa umeshika waya. Zima swichi kuu na umweke mtu wa kuilinda. Tena kuna ploti zenye laini mbili, ya tokeni na ya sambaza, yaani ya kuunganishiwa kienyeji. Ukizima moja, nyingine inaendelea. Ndiyo maana unapima baada ya kuzima, hata kama swichi umeizima kwa mkono wako mwenyewe.

Soketi: vipimo vitatu

Ukiitazama soketi, tundu la juu ni athi, la chini kulia ni laivu, la chini kushoto ni nyutro. Matundu ya chini yana vifuniko vinavyofunguliwa na jino la athi. Vifungue kwa kipande chembamba cha plastiki, kamwe si kwa msumari. Shika ncha nyuma ya kingo zake za kuzuia vidole. Kisha soma:

- Laivu na nyutro 240 hivi, laivu na athi vilevile, nyutro na athi volti chache au sifuri: mpangilio ni sawa.
- Laivu na nyutro 240, lakini laivu na athi inasoma namba inayoyumba, tuseme 70 au 110: athi imekatika au haikuwahi kuwekwa.
- Laivu na athi sifuri, nyutro na athi 240: nyaya zimebadilishana. Swichi ya soketi itazima nyutro na kuacha stima ndani ya chombo.
- Laivu na nyutro sifuri, lakini laivu na athi 240: nyutro imekatika. Taa haziwaki, na watu hudhani stima imepotea.

Kuna hila moja ambayo vipimo hivi havitaikamata. Fundi asiye na nondo ya athi huunganisha athi na nyutro nyuma ya soketi ili mita isome vizuri. Siku nyutro itakapokatika, bodi ya pasi au friji itabeba volti 240. Kuinasa, washa mzigo mkubwa kama koili ya wati 1000 kwenye laini hiyohiyo, kisha pima nyutro na athi upya. Athi ya kweli itaonyesha tofauti ndogo ya volti kwa sababu nyutro sasa imebeba mzigo. Ikibaki sifuri kamili, shuku, na umwite fundi aifungue soketi baada ya kuzima.

Mzigo huohuo hufichua viungo vilivyolegea. Laivu na nyutro ikishuka kutoka 240 hadi 200 koili inapowaka, volti 40 zinapotelea njiani. Koili hiyo sasa inavuta ampia 3.5 hivi, kwa hiyo wati 140 zinageuka joto ndani ya nyaya na viungo. Joto hilo likikusanyika kwenye kiungo kimoja kilichofungwa kwa karatasi ya nailoni karibu na mbao, moto hauko mbali.

Ukuta wa mabati

Usiuguse kwa mkono ili kujua. Pigilia nondo fupi kwenye udongo wenye unyevu nje, mbali na nondo ya athi ya ploti. Vaa viatu vikavu. Bana ncha moja ya mita kwenye nondo kwa klipu, kisha gusa mabati kwa ncha nyingine ukitumia mkono mmoja. Gusa chuma kitupu, kwenye kichwa cha msumari au mkwaruzo, kwa maana rangi na kutu huzuia kipimo na kukupa sifuri ya uongo.

Ikisoma zaidi ya volti 50, au 25 pakiwa na maji, watu watoke na wasiguse mabati mpaka stima izimwe. Namba ndogo inaweza kuwa volti hewa, inayojitokeza kwa sababu waya wenye stima unapita karibu bila kugusa. Mita yenye sehemu ya LoZ huiondoa namba hiyo. Kama huna, ichukulie kuwa ni stima ya kweli.

Sasa zima swichi kuu ya chumba chako na upime tena. Ikipotea, kosa ni lako. Ikibaki, inatoka kwa jirani mnayeshiriki ukuta, au kwenye waya unaopita juu ya paa. Mjulishe mwenye nyumba na kila mpangaji, zimeni chumba kimoja kimoja, na mwenye mita asimame mbali na ukuta.

Koili, pasi na ekstensheni

Hivi hupimwa vikiwa vimechomolewa, mita ikiwa kwenye omu. Ukipima omu kwenye chombo chenye stima unaiua mita. Koili au pasi ya wati 1000 isome omu 58 hivi kati ya laivu na nyutro. Birika la wati 2000 lisome 29 hivi. Athi hadi bodi ya chuma iwe karibu na sifuri. Laivu hadi bodi isionyeshe muunganiko wowote: kioo kibaki OL au 1 ya kushoto. Koili ya kuchemshia maji ikisoma chochote hapo, itupe. Hata ikipita, isitiwe wala kutolewa kwenye ndoo ikiwa imechomekwa.

Plagi ya meno matatu ina fyuzi ndani. Ipime: iliyo nzima inasoma karibu na sifuri. Ikiwa imeungua weka ya kiwango kilekile, ampia 3 kwa redio na televisheni, 13 kwa pasi na koili. Msumari au uzi wa shaba mahali pake hauwezi kukatika kwa wakati.

RCD na Megger

RCD ya milampia 30 ndiyo kinga kubwa kuliko zote katika nyumba ya mabati, kwa sababu hukata stima inapovujia kwenye mtu au ukuta. Bonyeza kitufe cha T kila mwezi, isipokata, ibadilishwe. Kitufe hicho hupima mtambo wa ndani tu, hakiipimi athi yako. Fundi mwenye kipima-RCD anapaswa kuiona ikikata ndani ya milisekunde 300 kwa milampia 30, na ndani ya 40 kwa milampia 150.

Multimita haiwezi kukuambia ganda la waya lina hali gani, kwa kuwa inasukuma volti chache za betri. Kazi hiyo ni ya Megger, inayosukuma volti 500. Stima ikiwa imezimwa, waya wa nyumba usome angalau megaomu 1. Kabla ya kubonyeza, toa balbu, chomoa chaja na televisheni, la sivyo utaziunguza au usome namba isiyo ya waya. Usomaji mzuri mchana wa jua si hakikisho. Mwambie fundi arudie baada ya mvua.

Mita ikigoma

- *Kioo ni kitupu au namba zinarukaruka:* betri. Alama ya betri ikitokea badilisha mara moja, kwani mita dhaifu husoma namba za uongo.
- *Inasoma sifuri kila mahali:* weka sehemu ya mlio, gusanisha ncha mbili na utikise nyaya. Mlio ukikatika, waya umevunjika ndani. Nunua mpya, usiunge kwa gundi.
- *Volti inasoma, ampia haisomi:* fyuzi ya ndani imeungua. Weka ya kiwango kilekile.
- *Inaonyesha OL au 1:* namba imezidi kiwango ulichochagua. Panda juu.
- *Imenyeshewa:* usiitumie kwenye soketi mpaka ikauke kabisa na kupita kipimo cha mara tatu.

Mahali pa kuishia

Mpangaji anaweza kupima soketi, ukuta na vyombo vyake. Kufungua sanduku la breka, kubadilisha nyaya au kuweka athi ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi na petroli, na una haki ya kumwomba akuonyeshe leseni hiyo kabla hajashika bisibisi. Mita yenye sili, nguzo na waya ulioanguka ni vya Kenya Power. Piga 97771 na uwazuie watoto wasikaribie. Mkiwa ploti ya vyumba kumi, changeni mnunue multimita moja nzuri, na mwambieni mwenye nyumba aweke RCD kabla ya mvua za masika.