Kujifungulia nyumbani au hospitali?

Kliniki mara nyingi tunaulizwa na akina mama: "Sista, wanne nimewazaa nyumbani, wote wazima. Huyu wa tano ana nini?" Ni swali la haki.

Kuzaa salama mara nne hakumkingi mama mara ya tano. Mji wa mimba uliozaa mara nyingi huweza kuchoka, ukashindwa kujikaza baada ya kondo la nyuma kutoka. Damu humwagika, na mama asipotibiwa aweza kufariki kwa muda wa saa 2 hivi. Hakuna awezaye kujua mapema ni nani litampata. Mkunga wa jadi tunamheshimu, lakini hana sindano ya kuukaza mji wa mimba, wala damu ya kuongeza. Na aje, amsindikize mama hospitali.

Anayekaa Manundu ana Hospitali ya Magunga hapa hapa mjini Korogwe. Aliye kijijini Handeni akumbuke barabara wakati wa masika; afadhali aje mapema akae kwa ndugu.

Basi, baba na mama, kabla ya uchungu kuanza kubalianeni:

1. Mama atajifungulia wapi?
2. Usiku atasafiri kwa chombo gani, na nauli imewekwa wapi?
3. Nani atabaki na watoto?
4. Nani atatoa damu ikihitajika?

Baba, usingoje kuitwa usiku wa manane. Mliahidiana altareni kutunzana katika raha na taabu. Na hii ndiyo saa yenyewe.