Kitambulisho Chako Kimebaki Saiba?

Kijitabu hiki ni cha wanafunzi wa vyuo vikuu vya Meru na Embu, pamoja na wazazi wao. Tunajua mmechoka kuonywa na ofisi. Tunaonya tena.

Muhula unapofunguliwa, saiba za Nchiru na Kangaru hujaa vijana wa mwaka wa kwanza wanaoomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Mhudumu ana haraka. Anachukua kitambulisho chako, anafungua akaunti, na panapotakiwa simu na barua pepe anaweka zake, eti usisumbuke. Neno la siri analitunga yeye na kuliandika kwenye daftari la kaunta, chini ya majina ya wenzako. Unalipa, unaondoka na karatasi yako. Picha ya kitambulisho imebaki kwenye kompyuta yake, na tangu hapo kila ujumbe wa kuthibitisha akaunti unaingia kwenye simu yake.

Usikubali. Nambari iwe yako, barua pepe iwe yako, neno la siri ulichape mwenyewe. Ukimaliza, picha ifutwe ukiona, hadi kwenye pipa la taka la kompyuta. Akinuna, anune.

Dalili za kitambulisho kutumiwa na mwingine ni ndogo, ndiyo maana hupuuzwa. Unadaiwa mkopo ambao hukukopa. Laini yako inapoteza mtandao ghafla ilhali simu za wenzako zinashika: huenda imehamishiwa kadi nyingine, na pesa za M-Pesa ziko njiani kuifuata. Mwenye laini ya Safaricom abonyeze *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Wala kutumiwa kitambulisho si kwa washamba tu: Juni 2021 Wakenya wengi walichungulia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wakajikuta wanachama wa vyama vya siasa wasivyowahi kujiunga navyo.

Ukiona dalili, siku hiyohiyo laini ifungwe, kisha nenda polisi. Usitoke kituoni bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Tunarudia: bila nambari ya OB, usitoke. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018 inamtoza anayetumia neno la siri la mwingine kwa ulaghai faini hadi Sh200,000, kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Aliyetumia data yako bila idhini, mshtaki kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Lalamiko huchunguzwa na kuamuliwa ndani ya siku 90.

Ofisi hii imewaeleza haya wanafunzi wapya bila kuchoka, na tunajivunia kazi hiyo. Hata hivyo, siku ya usajili, nje ya lango huwa kuna mtu chini ya mwavuli anayegawa laini za bure, na foleni yake ni ndefu kuliko yetu.