SOMO: KUTIA PICHA JUU YA UDONGO

Ndugu Wanachama,

Mwenzetu mmoja, ambaye asili yake ni Kitangari katika uwanda wa Makonde, alizitazama beji zetu mpya zenye shada la karafuu, akauliza: "Bwana Katibu, picha hii yaweza kutiwa juu ya vyungu wanavyofinyanga mama zetu kule kwetu?" Swali ni jema, na jawabu lake limo katika moto.

Beji zetu ni za udongo wa plastiki. Huu hauchimbwi ardhini. Ni plastiki iliyolainishwa. Wino wa fotokopi nao ni unga wenye plastiki ndani yake, ndiyo maana viwili hivi hushikana. Wino wa majimaji haufai hapa, kwani huchuruzika ukilowana.

Njia yake ni hii:

Kwanza, picha ichapwe kinyume, kama ionekanavyo katika kioo. Mimi nilisahau, na beji 20 za Chama zikasomeka nyuma mbele. Gharama yake nimeilipa mwenyewe.

Pili, kanda udongo mpaka ulainike, uusukume kama chapati, kisha laza picha, uso chini. Sugua kwa mgongo wa kijiko usibakize hewa, uache nusu saa.

Tatu, lowesha karatasi, uisugue taratibu kwa kidole mpaka itoke yote. Wino utabaki.

Nne, oka kwa joto lililoandikwa katika pakiti, aghalabu nyuzi 130 hivi za Selsiasi. Usikisie kwa mkaa: joto likizidi, hutoka moshi wa sumu. Sinia uliyookea isipikiwe tena chakula, wala beji isiguswe na mafuta ya karafuu, kwani hulainisha baadhi ya plastiki.

Ama chungu, habari yake ni nyingine. Moto wake hupita nyuzi 600, na plastiki iliyo katika wino huungua. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alifika Newala, akaandika habari za wanawake wafinyanzi wa huko. Wafinyanzi hutia nakshi udongo ungali mbichi, nayo haifutwi na moto.

Basi mwenzetu na achonge muhuri wa mti, kazi ambayo Wamakonde hawahitaji kufundishwa na Katibu. Ugandamizwe chungu kikianza kukauka, kabla hakijawa kigumu. Lakini herufi azichonge kinyume, yasimpate yaliyonipata mimi.

Wasalaam,
Katibu wa Chama