Jina la Mtu ni Amana

Somo letu la mwezi huu ni juu ya jambo ambalo wengi hulidhania kuwa la dunia tupu, lisilogusa dini: nalo ni wizi wa jina la mtu, na ulinzi wa daftari za serikali zilizomo katika kompyuta. Tutaonyesha, inshaallah, kuwa huo ni mlango mmoja katika milango ya amana.

Mwizi wa zamani alivunja ghala akachukua mahindi, na mwenye mali akajua kulipokucha. Mwizi wa jina haonekani. Hunakili namba ya kitambulisho chako, akasajili laini ya simu kwa jina lako, akakopa, akalaghai watu. Na siku anapotafutwa mkosaji, mlango unaobishwa ni wako.

Wala haya si hadithi. Mwezi wa Juni 2021 Wakenya walipowezeshwa kutazama daftari la vyama vya siasa kwa njia ya eCitizen, wengi walijikuta wameandikwa wanachama wa vyama ambavyo hawakuviomba kamwe. Majina yalikuwa yao, na namba zilikuwa zao. Ridhaa tu ndiyo haikuwa yao. Na lau wasingaliangalia, wasingalijua.

Sisi wa Rongai na Nakuru yatupasa kulifahamu jambo hili kuliko wengi, kwani nchi hii ilikuwa ya mashamba ya walowezi. Kwa sheria ya mwaka 1915, Mwafrika mwanamume alilazimishwa kuchukua kipande, chenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake, na aliyetoroka shamba alifuatwa kwa hicho. Basi daftari laweza kumtumikia mtu, na laweza kumfunga; yategemea ni nani alishikaye, na kwa mpaka gani.

Kwa ajili hiyo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 31, ililinda faragha ya kila mtu. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 ikamwekea mwenye kujifanya mtu mwingine kwa hila faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ikafuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Na mwezi wa Januari 2020 Mahakama Kuu iliamua kuwa Huduma Namba isiendelee mpaka ziwekwe kanuni za kutosha za kuilinda. Mahakama haikukataza kufuga. Ilitaka boma lijengwe kabla ya ng'ombe kuingizwa.

Tukirejea katika dini, twaona Suratul-Baqarah, aya ya 282, imeamuru deni liandikwe, na mwandishi awe mwadilifu. Suratun-Nisaa, aya ya 58, imeamuru amana zirudishwe kwa wenyewe. Suratun-Nur, aya ya 27, imekataza kuingia nyumba za watu bila ya idhini. Basi ikiwa nyumba haiingiwi bila ya ruhusa, itakuwaje habari za mwenye nyumba, nasaba yake na alama za vidole vyake?

Wako wasemao, "Yote ni kadari." Hao wamesahau kuwa Mtume (s.a.w.) alimwamrisha mtu amfunge ngamia wake kisha ndipo ategemee. Wako wanaokimbilia kwa mpiga ramli pesa zao zikiibwa. Hao huibiwa mara mbili, pesa na imani. Na wako wasemao kuwa kuazimana kitambulisho ni udugu. La! Kusajili laini au kuomba mkopo kwa jina la mwingine ni uongo mbele ya shahidi, hata ndugu akiridhia. Na udugu hauhalalishi uongo.

Lililo wajibu wetu ni hili. Kwanza, namba ya siri haambiwi mtu, ajapodai kuwa ni wa kampuni au wa benki. Pili, mtu apige *106# aone ni laini zipi za Safaricom zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na asiyoijua aikatae. Tatu, kitambulisho kikipotea, apige ripoti polisi siku ile ile, wala asingoje.

Nne, na hili ndilo zito zaidi: kamati ya msikiti iandikapo mafakiri wa kupewa futari au zaka, isidai namba isiyohitajiwa, wala isiyasambaze majina yao katika makundi ya simu. Mjane aliyetoa kitambulisho chake apate kilo mbili za unga hakutoa ruhusa ya kuanikwa. Hatuwezi kuidai serikali uaminifu katika daftari la mamilioni, nasi tumeshindwa na karatasi moja ya watu arubaini.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuzichunga amana. Amin.