Darasa Lililo Mpakani: Namna ya Kuandaa Safari ya Masomo

Kila muhula unapoelekea ukingoni, ofisi yetu hupokea barua za shule zinazotutaarifu juu ya safari za wanafunzi kwenda Kampala, Entebbe au Jinja. Twazipokea kwa moyo mweupe. Hata hivyo, safari hizo ni ndefu, gharama zake huwashinda wazazi wengi, na mtoto asiyelipiwa hubaki nyumbani siku ambayo wenzake wanajifunza. Ni nadra kupokea barua ya mwalimu wa Mvara anayetaka kuwapeleka wanafunzi wake Vurra tu, wakautazame mpaka wa nchi yao. Twadhani hapo pana hasara.

Mpaka wa Uganda na Kongo katika pande zetu hizi haukupigwa rula. Unafuata mgongo wa ardhi unaogawanya maji ya mto Nile na maji ya mto Kongo. Mvua inyeshayo upande wetu huteremka kwa vijito hadi Nile, ikaishia Bahari ya Mediterania; inyeshayo upande wa pili huingia mto Kongo, ikaishia Bahari ya Atlantiki. Mwalimu akisimama juu ya mgongo huo na chupa ya maji mkononi, akamimina kidogo huku na kidogo huko, amekwisha kufundisha somo ambalo ramani ya ukutani hulifundisha kwa shida.

Historia nayo iko hapo hapo. Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Ubelgiji eneo la Lado, ambalo nchi ya Arua na Koboko ilikuwa sehemu yake. Leopold alifariki Desemba 1909. Mwaka uliofuata eneo likawekwa chini ya Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda. Mtoto aliyezaliwa Mvara mwaka 1905 alitimiza miaka tisa akiwa amepita chini ya tawala tatu, naye hajahama ua wa baba yake. Walugbara wakabaki pande zote mbili za mpaka, na Wakakwa wa Koboko leo wana ndugu katika nchi tatu. Shule za Koboko zina bahati zaidi, kwani Salia Musala, mahali zinapokutana Uganda, Kongo na Sudan Kusini, pamo wilayani mwao. Wazazi wa wanafunzi wa leo walipokuwa shuleni, jirani huyo wa kaskazini aliitwa Sudan. Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 2011.

Walimu wa somo hili hawakosekani. Wapo wazee, wapo maafisa wa forodha na uhamiaji, wapo akina mama wa Kinubi wasukao vikapu vya rangi. Hata mvunja fedha wa mpakani, anayepiga kichwani hesabu ya shilingi, faranga ya Kongo na pauni ya Sudan Kusini, aweza kulishughulisha darasa la sita kwa saa nzima. (Sisi wenyewe tumewahi kushindwa naye kwa hesabu.) Mgeni wa namna hiyo aombwe mapema, apewe nauli na maji ya kunywa, na maswali ya wanafunzi yamfikie kabla ya siku yenyewe. Mzee aliyekimbia vita asiulizwe habari za vita mbele ya watoto, isipokuwa amependa mwenyewe kuzieleza.

Sasa tuseme lililotusukuma kuandika. Shule moja ilileta wanafunzi mpakani bila kutuarifu. Saa ya kuondoka walimu walihesabu, wakakuta mvulana mmoja hayupo. Tulimtafuta sokoni, vichakani na katika magari ya mizigo. Jua likiwa linazama, wenzetu wa upande wa Kongo walimkuta nyumbani kwa shangazi yake, amekaa mkekani, anakula. Shangazi alishangaa kuona askari wengi kiasi kile. “Hajapotea,” akasema, “yuko kwao.” Alisema kweli, na mvulana alikuwa ameipita njia ile mara nyingi akiwa na mama yake. Lakini siku hiyo mama hakujua aliko, na mwalimu aliyetia sahihi ya kumpokea hakuwa na jibu la kumpa.

Kwa hiyo, kabla ya safari ya mpakani, tunamwomba mwalimu awaulize wazazi swali ambalo shule za Kampala hazina haja nalo: mtoto huyu ana jamaa ng'ambo, na anaijua njia ya kwao? Majina hayo yawe kwenye orodha pamoja na simu za wazazi. Hesabu ifanywe kwa kuita majina, wala si kwa kuhesabu vichwa, kila wanaposhuka na kila wanapopanda. Sisi hupendelea mtu mzima mmoja kwa watoto kumi, na walimu wa kike wawepo palipo na wasichana. Mwalimu afike mahali penyewe siku chache kabla, aonane na mwenyekiti wa LC1, aone choo kiko wapi na kivuli kiko wapi. Mstari wa mpaka usivukwe, hata kwa mzaha wa hatua moja. Vizuizi na askari wa nchi yoyote wasipigwe picha bila ruhusa. Gari liwe basi lenye viti, si lori, na watoto wawe wamefika majumbani kabla ya giza.

Barua ituletee tarehe, njia mtakayopita, idadi ya watoto na simu ya kiongozi wa safari. Twaomba itufikie wiki mbili kabla, ili tupate nafasi ya kuwaarifu maafisa wa uhamiaji na wenzetu wa ng'ambo. Kupokea barua hiyo hakuna malipo yoyote. Atakayeombwa fedha na atuarifu. Likitokea la dharura njiani, piga 999 au 112 bila gharama, nasi tutakuwa na orodha yenu mezani.